Hudihudi Aliyebaki

Wifi yangu Mathakane hajawahi kumaliza kikombe cha chai akiwa amekaa. Hunywa nusu, huinuka kwenda kuangalia kitu bustanini, akirudi chai imepoa, huimwaga na kubandika nyingine. Tangu aolewe na marehemu kaka yangu Sekake, miaka thelathini na minne sasa, sijui ni birika ngapi zimemwagwa katika ua huu. Ukikaa naye nusu saa utajikuta nawe umeanza kutikisa mguu. Hata kanisani hukaa mwisho wa benchi, karibu na mlango, kama mtu aliyeacha sufuria motoni.

Jina la Mathakane alipewa siku ya harusi, kama wanavyopewa mabibi harusi wote kwetu. Mama yangu ndiye aliyelichagua: Mama wa Thakane, ili mtoto wa kwanza akija akute jina linamngoja. Thakane hakuja. Sekake akafa, jina likabaki, na mwenye jina akaihamishia mikono yake yote kwenye bustani.

Ni bustani ya duara, ya mawe yaliyopangwa hadi kiunoni, yenye kijia chembamba cha kukufikisha katikati, kwenye tundu la kutupia majivu, maganda na maji ya kuoshea vyombo. Kila nyumba hapa milimani inayo. Ya wifi ilikuwa ya kuonyeshwa wageni. Kabichi zake hazikuwa na tundu hata moja, kwa sababu alikuwa na ugomvi wa kudumu na wadudu. Asubuhi aliwamwagia majivu, jioni maji ya tumbaku na sabuni, na mchana alipita jani kwa jani akiwabana viwavi kwa kucha. Mimi, nilipostaafu kiwandani Maseru nikarudi nyumbani siku za Pasaka, nilitaka kumfurahisha. Nikamletea wavu mpya wa kufunikia kabichi, wa nyuzi laini, usioonekana kwa mbali.

Siku ya tatu niliitwa kwa sauti ambayo sikuizoea.

"Moliehi, njoo na mkasi."

Hudihudi alikuwa ananing'inia kwenye wavu kichwa chini, kishungi kimetanuka, bawa moja limesokotwa na nyuzi hadi mfupani.

"Kata," wifi akasema.

"Wifi, huo wavu sijautumia hata wiki."

"Nimekwambia kata, au nikate mimi na vidole vyako humo humo."

Nikakata. Ndege alikuwa mzima ila bawa lake la kushoto lilikuwa linaburuta. Tulimweka kwenye kapu chini ya kitanda cha wifi, tukamfunika kwa kipande cha blanketi. Ilikuwa Aprili, na hudihudi wa huku huondoka Aprili inapokwisha, kabla sakitu, umande ulioganda, haijashika ardhi. Hushuka nchi za chini zenye joto, na hutawaona tena mpaka mipichi ichanue. Huyu alipoweza kuruka kutoka kwenye kapu hadi dirishani, wenzake walikuwa wameshakwenda zao. Wifi alimtoa nje, akamweka juu ya ukuta wa bustani. Ndege akaita mara tatu, akanyamaza kusikiliza, akaita tena. Hakuitikiwa na mwenziwe yeyote.

"Mimi ndiye niliyemchelewesha," wifi akasema. "Nitamfikisha kwenye mipichi."

Wavu ulikuwa wangu, kwa hiyo maneno yale yalinichoma mimi kuliko yeye. Nikauliza kwa ukali, "Utamfikisha kwa kumlisha nini?"

"Si wadudu? Anakula nini kingine?"

Sote wawili tukageuka kuitazama bustani. Ilikuwa safi kama sahani. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Wifi hakucheka hata kidogo.

Tulimjaribu na ugali, akaukanyaga. Tukamjaribu na nyama iliyokatwakatwa, akaichukua, akaitazama, akaiweka chini kama mkwe aliyepewa kiporo. Alitaka kitu kinachosogea. Ukimpa nyenje alimgonga gonga chini, akamrusha juu hewani na kumdaka kwa koo, kwa sababu ulimi wake ni mfupi na mdomo ni mrefu mno. Wifi alipenda kuutazama mrusho ule. Kila ulipofanikiwa alitikisa kichwa kidogo, naye kama amemeza.

Basi mwanamke aliyeua wadudu kwa miaka thelathini akaanza kuwafuga. Majivu yakakoma. Akatandaza magunia yaliyolowa, maboga yaliyooza, maganda ya viazi, na kila asubuhi akayainua kuangalia nani amekuja kulala. Mei nzima ilitosha. Juni ardhi ikaanza kuwa ngumu, nyungunyungu wakazama chini, na wifi akaanza kupita nyumba kwa nyumba kuomba ruhusa ya kupindua mawe ya watu.

"Mathakane, umepoteza nini kwangu?" jirani mmoja akamuuliza.

"Nyenje."

"Wangu au wako?"

"Wowote. Sina ubaguzi."

"Bustani yako imekwishaoza, sasa umegeukia ukuta wangu."

"Nitaurudisha kama ulivyokuwa. Wewe endelea na vyombo vyako."

Nilimfuata na kopo, blanketi limenifunga mabega, pua imekufa ganzi. Zamani mahangaiko yake yalikuwa hayana pa kwenda, sasa yalipata njia, na yakazidi. Alfajiri yuko nje. Mchana ameegemea ukuta akihesabu mara ngapi ndege amedona. Uji nikimpikia nilimpelekea amesimama. Nilimwambia atakufa kabla ya ndege, akanijibu kwamba ndege hana habari hizo.

Mahali pamoja tu palikuwa na chakula cha uhakika, na palikuwa hatua ishirini kutoka mlangoni kwetu. Ng'ombe wa nyumba hii wanalala kwenye zizi la mawe, na samadi yao imeshindiliwa kwa kwato miaka na miaka mpaka imekuwa sakafu. Agosti wanaume huikata vipande, sisi wanawake tunaipanga nje ya ukuta ikauke, ndiyo kuni zetu. Chini ya sakafu ile pana joto majira yote, na ndani ya joto lile wamo funza weupe, wanene kama kidole gumba, wale wanaokuja kuwa mende wa samadi.

Lakini zizini kwetu mwanamke haingii, awe mke au binti wa nyumba. Akiingia, wanasema, mimba za ng'ombe zinatoka. Zizi ni la kaka yangu Letuka, ambaye tangu wanawe watatu waende kutafuta kazi anachunga mwenyewe. Letuka si mtu mbaya. Ana ugonjwa mmoja: hawezi kuchekwa. Tangu utoto, ukimcheka leo, keshokutwa bado hajala vizuri.

Wifi alimwomba, naye akatoa. Mara mbili alichimba pembeni, akatupitishia kopo juu ya ukuta, na mara ya pili nilimwona amesimama kuangalia funza wakirushwa juu na kudakwa. Kisha akaenda kunywa pombe kwa Mamotena, na mimi nikawa huko huko kuazima chungu, nikasikia.

"Letuka, mtoto ameshiba leo?" mmoja akauliza.

"Amecheua?" wa pili akadakia. "Usimlaze kabla hajacheua, bwana."

"Mwacheni, ndiyo kwanza anajifunza ulezi."

Letuka aliweka kata chini, bado ina pombe, akaondoka. Tangu siku hiyo kopo halikurudi tena.

Katikati ya Julai theluji ilianguka siku tatu mfululizo. Magunia ya bustani yakaganda yakawa mbao. Mawe ya majirani hayakubanduka hata kwa sururu. Tulimrudisha ndege ndani, kwenye kapu, naye akakaa amejikunyata, kishungi kimelala, macho nusu. Siku ya kwanza alipata nyenje wawili niliowatoa kwenye nyasi za paa. Siku ya pili hakupata kitu. Siku ya tatu wifi alikwenda mpaka kwenye ukuta wa zizi, theluji imemfika kwenye mashavu ya miguu, nami nyuma yake. Letuka alikuwa ndani anawapa ng'ombe mabua.

"Shemeji, naomba kopo moja tu."

"La nini?"

"Si unajua la nini."

"Sikiliza, mama. Hawa wamelala juu ya joto. Nikitoboa sasa, maji ya theluji yanaingia, wanalala kwenye tope. Na ng'ombe wangu Khunoana ana mimba."

"Pembeni tu, pale ukutani."

"Pale ndipo anapolala Khunoana."

"Hajala tangu juzi, shemeji. Hawezi hata kusimama."

Letuka alikuwa amechoka, ana baridi, na nadhani bado alikuwa anasikia kile kicheko cha kwa Mamotena. Akasema bila kugeuka, "Basi mnyonyeshe. Umengoja miaka yote hii, si ndiye huyo Thakane amekuja."

Nilitaka kumpiga na ndoo. Nikamwambia mama angekuwa hai angemzaba kofi hapo hapo mbele ya ng'ombe wake. Aliendelea kugawa mabua, na nikaona masikio yake yamebadilika rangi. Wifi alikuwa amesimama. Namaanisha amesimama kweli, hakutikisa mguu wala kurekebisha blanketi, na kwa miaka yote niliyomjua sikuwahi kumwona ametulia hivyo. Niliogopa. Kisha akarudi nyumbani akikanyaga mumo humo katika nyayo zake za kuja.

Asubuhi yake nilimkuta amefunga blanketi kwa pini mbili na ameshika jembe dogo la bustani.

"Unakwenda wapi?"

"Chukua kopo."

"Wifi, usiingie mle. Mjane asiye na mtoto, ukikamatwa na kosa la zizi, baba yetu mdogo Seabata anakurudisha kwenu kabla ya jua kuzama. Amekuwa akililia hilo shamba lako tangu kaka afe."

"Nilipokuja hapa niliambiwa nisilitaje jina la baba mkwe," akasema, "sijalitaja mpaka leo. Nikaambiwa zizini nisikanyage, sijakanyaga. Nikaambiwa nikiheshimu na kunyamaza mtoto atakuja. Miaka thelathini na minne, Moliehi. Huyu nimemfungia njia mimi mwenyewe, kwa wavu, na yuko kwenye kapu anakufa. Chukua kopo."

Nilichukua. Aliondoa miti ya mlango mmoja mmoja, akaiegemeza vizuri, akaingia. Mimi nilibaki nje, sioni haya kusema kwamba niliogopa. Ng'ombe walimtazama. Khunoana, mwekundu, tumbo limemjaa, alinyoosha shingo akamnusa mgongoni. Wifi alichimba matundu matatu karibu na ukuta, akainua samadi kwa vipande, akachukua alichotaka, akarudisha kila kipande mahali pake na kukikanyaga. Mvuke ulitoka chini ukamfunika magoti.

Nilipoinua macho, Letuka alikuwa mlangoni kwake na kikombe mkononi. Alimwona. Alimwona vizuri kabisa, kwa sababu hapakuwa na kitu kingine cheusi katika weupe ule. Nilingoja kelele. Letuka akarudi ndani akafunga mlango, na hilo lilinitisha zaidi.

Ndege alikula. Funza wa kwanza tulimshikia karibu na mdomo, akamdondosha, akamdona tena, na mara ya tatu akamrusha. Alipofika wa saba kishungi kilisimama. Wifi aliingia zizini siku nne, mpaka theluji ilipoyeyuka na bustani ikalegea, na siku zote nne mlango wa Letuka ulifungwa tulipotoka nyumbani na kufunguliwa tulipomaliza.

Kuanzia hapo wifi akawa na wagonjwa wawili. Alimaliza kumtazama ndege, akaenda ukutani kumtazama Khunoana. Alimsalimu. Alimuuliza amelalaje. Akija kwangu alisema amemwona anasimama vibaya, halafu akarudi kuhakikisha, halafu akasema amesimama vizuri ila anahema. Nilimwambia ng'ombe wote wanahema. Siku kumi zilipita hivyo, na nyayo zake kati ya bustani na zizi zikachora njia ardhini, ipo hadi leo.

Siku ya kumi na moja Khunoana alitupa mimba.

Ndama alikuwa ameumbika, mpaka kope. Wifi alipomwona alishika ukuta kwa mikono miwili. Mimi sikuamini wakati ule na siamini sasa kwamba ni miguu ya mwanamke. Nyasi zilikuwa zimeisha tangu Juni, ng'ombe wale walikuwa mbavu tupu. Lakini imani yangu haikuwa na kazi hapo, kwa sababu kabla ya saa nne Baba Seabata, mdogo wake baba yetu, alikuwa amefika na wanaume wawili, fimbo mkononi.

Waliingia zizini na Letuka. Sisi tulikuwa upande wa bustani, ukuta katikati. Wifi alikuwa na kikombe cha chai. Hakukinywa wala hakukimwaga.

"Hapa pamechimbwa," Baba Seabata akasema. "Nani amechimba?"

Nilichungulia kwenye upenyo wa mawe. Nilitazamia kuona nyayo za wifi, zile buti ndogo za mpira, na alama za jembe lake jembamba. Sikuona kitu. Matundu yote yalikuwa yamepigwa kwa koleo pana, na pembeni kote pamekanyagwa na viatu vikubwa. Ilikuwa kazi iliyofanywa siku nyingi nyuma, samadi ilishakauka juu yake.

"Mimi," Letuka akasema.

"Wewe? Wakati wa theluji? Ulikuwa unatafuta nini?"

Kaka yangu aliwatazama wale wanaume wawili mmoja mmoja. Nilimjua, nikajua anachokipima.

"Funza."

"Funza wa nini?"

"Wa yule ndege. Hudihudi. Nilikuwa namlisha."

Mmoja wa wale wanaume alikohoa, na kikohozi kikakaribia kuwa kicheko.

"Mzee mzima," Baba Seabata akasema. "Umeamka kwenye theluji kumchimbia ndege."

"Ndiyo."

"Hakuna mwanamke aliyeingia humu?"

"Zizi ni langu, baba. Angeingia ningemwona."

"Basi umeharibu mimba ya ng'ombe kwa ajili ya ndege."

"Mimba imeharibiwa na njaa," Letuka akasema. "Mimi nimelisha ndege."

Mtu kuchimba zizi lake mwenyewe si kosa, hapakuwa na la kuhukumu. Waliondoka. Hawajafika hata kwenye njia panda nikasikia kicheko kimewashinda, kile cha kupiga mapaja. Letuka alibaki amesimama katikati ya ng'ombe. Wifi alikuwa amemwaga chai yote juu ya viatu vyake bila kujua.

Mipichi ilichanua mwishoni mwa Agosti. Asubuhi moja sauti ya hudihudi ilitoka kule kwenye mawe ya mtoni, na kutoka juu ya ukuta wetu ikaitikiwa. Huyu wetu aliruka, upande wa kushoto bado mzito kidogo, akakata juu ya paa, akaenda. Baada ya wiki walikuwa wanne kwenye malisho. Wifi anasema anamtambua kwa unyoya mmoja uliopinda. Mimi naona ndege wanne wanaofanana, lakini hilo nimelinyamazia.

Wavu tuliuchoma. Kabichi za mwaka huu zina matundu, na wifi bado hakai.

Letuka hakuwahi kumwomba msamaha, naye wifi hakuwahi kumshukuru. Wakikutana husalimiana kwa mbali kidogo, kama zamani. Lakini kwetu mwanaume huitwa kwa mtoto wake wa kwanza, na Letuka, mwenye wana watatu wa kuitwa kwa majina yao, sasa kijiji kizima kinamwita Baba Hudihudi. Kila jioni akipitisha ng'ombe mbele ya kwa Mamotena, wanywaji humpigia kelele kutoka mlangoni.

"Baba Hudihudi, mtoto hajambo?"

Angeweza kupita njia ya nyuma, ipo, na ni fupi. Hupita hiyo hiyo ya mbele, na huitika kila mara, kwa sauti ya kutosha kufika bustanini.